Mdaiwa, Sema Mapema

Na Karani wa Ofisi ya Kilimo

Ndugu Mkulima,

Mwezi huu sitakueleza juu ya mbegu, wala dawa ya kupe, wala namna ya kukausha mahindi. Hayo Bwana Shamba atakueleza vizuri kuliko mimi. Nataka kuzungumza nawe juu ya jambo ambalo wengi wetu katika skimu twalijua lakini hatulisemi, nalo ni deni la biashara, na yale yanayompata mtu anapofilisika.

Mimi ni karani. Nilisomea ualimu, kisha nikaingia katika ofisi ya kilimo, na kazi yangu ni kuandika, kuhesabu na kutunza majalada. Wakulima hawaji kwangu kusema kwamba wana madeni. Huja kuomba barua: barua ya kuonyesha ukubwa wa shamba, barua ya idadi ya ng'ombe, barua ya kuthibitisha kwamba kahawa au chai ile ni yao. Lakini karani aliyekaa mezani miaka mingi hujifunza kuona. Mtu anayeomba barua tatu za shamba lilelile katika miezi miwili hatafuti mbegu. Anatafuta pesa, na huenda tayari anazitafuta kwa hofu.

Nitakupa kisa kimoja. Sitamtaja mwenyewe, lakini ni kisa cha kweli, maana mimi pia nimo ndani yake.

Duka la rafiki yangu

Rafiki yangu mmoja tulisoma pamoja chuo cha ualimu. Yeye aliacha chaki mapema akarudi katika shamba la baba yake, ekari 5, ambalo lilikuwa limekwisha kuandikwa kwa jina lake. Alikuwa mkulima mwenye bidii. Ng'ombe wake 3 wa gredi walitoa maziwa ya kutosha, na mahindi yake yalipandwa kwa mistari iliyonyoka. Mwaka 2018 akafungua duka la pembejeo katika soko letu. Aliuza mbegu, mbolea, chumvi ya ng'ombe na dawa za mifugo. Duka lile lilihitajika. Chama cha akiba na mikopo kilimkopesha Sh. 300,000, na wadhamini wake tulikuwa watatu: majirani wake wawili na mimi.

Mwaka uliofuata aliweka shamba rehani katika benki ili kulipanua duka. Mkewe alitia sahihi, na bodi ya ardhi ikakubali. Hapakuwa na hila yo yote.

Nataka uelewe, Ndugu Mkulima, kwamba duka lile halikuanguka kwa ulevi wala uvivu. Lilianguka kama maduka mengi ya skimu yanavyoanguka. Wateja walikuwa jirani zake. Walichukua mbolea wakati wa kupanda, wakaahidi kulipa wakati wa kuvuna. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ukaingia, masoko mengi yakafungwa, watu wakakatazwa kutembea usiku, na mkulima asiyeuza hana cha kulipa. Daftari la rafiki yangu lilionyesha kwamba watu wa skimu walimwia zaidi ya Sh. 200,000. Lakini mwenye duka la jumla hakulipwa kwa daftari. Alitaka pesa.

Basi rafiki yangu akakopa kwa simu ili alipe chama. Kisha akakopa kwa shailoki ili alipe simu. Alichukua Sh. 40,000 kwa riba ya 20 kwa mia kila mwezi. Hesabu hiyo mtoto wa darasa la 6 anaiweza: riba ni Sh. 8,000 kwa mwezi, na baada ya miezi 5 umelipa Sh. 40,000 nzima, na bado unadaiwa zile 40,000 za kwanza. Lakini mtu mwenye hofu hahesabu. Huangalia siku moja tu iliyo mbele yake.

Barua za benki zikaanza kufika. Alizitia ndani ya droo ya duka bila kuzifungua. Mkewe alipouliza, alijibu kwamba ni matangazo ya makampuni ya dawa. Siku moja ya mwaka 2021 akaondoka alfajiri, akasema anakwenda kununua bidhaa. Hakurudi.

Mkewe, ambaye mimi humwita shemeji, alikuja ofisini na barua hizo ndani ya mfuko mtupu wa mbegu. Akaniambia, "Mwalimu, nimezisoma. Lakini nataka wewe pia uzisome, uniambie kama nimesoma vibaya."

Hakuwa amesoma vibaya. Shamba likauzwa na dalali. Deni la chama lililobaki, Sh. 168,000, likatugeukia sisi wadhamini, Sh. 56,000 kila mmoja. Mimi nililipa Sh. 4,000 kila mwezi kutoka kwa mshahara, miezi 14. Jirani mmoja aliuza mtamba aliyekuwa karibu kuzaa. Shemeji leo anakodi ekari 1 ya mtu mwingine, na humo ndimo anamolisha watoto.

Kinachoniuma si pesa zile. Mwaka ule wote tulionana karibu kila Jumapili. Aliniuliza habari za watoto, nami nikamwuliza habari za ng'ombe. Hakusema neno. Wazee walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Deni nalo ni maradhi ya namna hiyo.

Angeweza kufanya nini?

Sasa nitasema maoni yangu. Rafiki yangu hakuharibikiwa na deni peke yake. Aliharibikiwa na kimya. Sheria ya nchi yetu humpa mdaiwa mwaminifu nafasi kadha wa kadha, lakini kila nafasi ina wakati wake, na anayechelewa huzikuta zimepita.

Tuanze na shamba. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 haimruhusu mwenye rehani kuuza shamba lako kesho asubuhi. Sharti kwanza akupe notisi inayokuambia ulipe, na muda wake usipungue miezi 3. Usipolipa, sharti akupe notisi nyingine ya kuuza, ya siku 40. Kisha dalali naye, kwa kanuni za kazi yake, hukupa siku 45 za kukomboa mali yako. Jumlisha: ni karibu nusu mwaka. Rafiki yangu alikuwa na nusu mwaka ndani ya droo.

Katika nusu mwaka ule angeweza kwenda benki akasema ukweli. Tuseme deni la benki lilikuwa Sh. 520,000, na ekari moja kwetu ilikuwa na thamani ya Sh. 400,000. Kwa idhini ya benki na ya bodi ya ardhi, angeweza kukata ekari 2 akaziuza mwenyewe, bila haraka, kwa bei ya soko. Angelipa benki, angebakiwa na Sh. 280,000 za kupunguza madeni mengine, na ekari 3 zingebaki kwa watoto. Kuuza ekari 2 ni uchungu. Lakini ekari 3 si sawa na sifuri.

Kufilisika maana yake nini?

Watu wa skimu husema "fulani amefilisika" wakiwa na maana kwamba amekwisha. Neno lenyewe ni ndugu wa fulusi, yaani pesa, na muflisi ni mtu ambaye fulusi zimemwishia. Lakini katika sheria, kutangazwa muflisi ni jambo lenye utaratibu, lenye mwanzo na lenye mwisho.

Sheria ya zamani, Sura ya 53, ilimtaka muflisi aiombe mahakama imfungue, na wengi walibaki na jina hilo miaka na miaka. Sheria mpya ya ufilisi ilipitishwa mwaka 2015 na kuanza kutumika mwaka 2016. Chini ya sheria hii, si mdai tu anayeweza kukupeleka mahakamani. Wewe mwenyewe, ukiona kwamba huwezi tena kulipa madeni yako, waweza kuomba utangazwe muflisi. Unaandika taarifa ya mali yako yote na madeni yako yote, bila kuficha, na mahakama huiangalia.

Mahakama ikikubali, wadai wa kawaida hawawezi tena kukukimbilia kila mmoja na dalali wake. Mali yako huingia mikononi mwa msimamizi. Afisa wa Serikali mwenye kazi hii huitwa Mpokeaji Rasmi, naye yumo katika shirika la Serikali la kusajili biashara. Msimamizi huuza kinachouzika na kuwagawia wadai kwa utaratibu. Unaachiwa zana za lazima za kazi yako na vyombo vya lazima vya nyumbani, kwa kiasi ambacho sheria inaruhusu. Baada ya miaka 3 tangu kuweka taarifa ile, ikiwa hakuna pingamizi, unafunguliwa, na madeni mengi yaliyobaki hayakufuati tena.

Sitaki kukudanganya kwamba hiyo ni dawa tamu. Katika miaka ile 3 huwezi kuendesha biashara bila idhini, wala kuwa mkurugenzi wa kampuni, wala kusafiri nje ya Kenya bila ruhusa. Katiba ya mwaka 2010 inasema kwamba muflisi ambaye hajafunguliwa hawezi kuchaguliwa kuwa mbunge wala mjumbe wa bunge la kaunti. Deni lililopatikana kwa udanganyifu halifutwi, wala pesa za matunzo ya watoto hazifutwi.

Na jambo kubwa kwetu sisi wa skimu ni hili: kutangazwa muflisi hakuvunji rehani. Aliyeshika shamba lako kwa rehani bado amelishika. Hata shamba lisilo na rehani, kama ni lako kwa jina, ni mali inayoweza kuuzwa ili wadai walipwe. Kwa hiyo, mwenye shamba asikimbilie njia hii kwanza. Kwake yeye hii ni njia ya mwisho.

Njia nyingine tatu

Sheria ileile ina njia nyingine zilizo nyepesi zaidi, na wakulima wachache sana wanazijua.

Ya kwanza ni mapatano na wadai. Mdaiwa, akisaidiwa na mtaalamu aliyepewa kibali cha kazi hiyo, huandika shauri lake: nitalipa kiasi gani, kwa muda gani, kutoka kwa mapato gani. Mahakama yaweza kutoa amri ya kumkinga kwa siku 14, na kuziongeza, ili wadai wakutane na kupiga kura bila dalali kugonga mlango. Wakikubali, mapatano huwafunga. Mwenye shamba lenye maziwa au chai ya kila mwezi ana cha kuwaonyesha wadai. Naona hii ndiyo njia inayomfaa mkulima, ikiwa ataifuata akiwa bado ana ng'ombe zizini.

Ya pili ni amri ya kulipa kidogo kidogo, inayohusu madeni yasiyo na rehani. Mahakama hupanga mafungu, nawe hulipa kwa kawaida ndani ya miaka 3.

Ya tatu ni kwa mtu asiye na mali yo yote ya kuuzwa. Ikiwa madeni yake yote hayapungui Sh. 100,000 wala hayazidi Sh. 400,000, na hana uwezo wa kulipa hata kidogo, wala hajapata kutangazwa muflisi au kuitumia njia hii zamani, aweza kumwomba Mpokeaji Rasmi amwingize katika utaratibu wa wasio na mali. Miezi 12 ikipita bila hila kugunduliwa, hufunguliwa. Hii haimfai mwenye ekari 5. Lakini kijana wako aliyefungua kibanda cha vipuri vya pikipiki katika soko, asiye na shamba wala ng'ombe kwa jina lake, kikaanguka, huenda ikamfaa sana. Mwambie, kabla hajatoroka kwenda mjini.

Fikiri juu ya rafiki yangu. Baada ya shamba kuuzwa, madeni ya duka la jumla na ya simu yalimfuata. Angaliomba kutangazwa muflisi mwaka ule wa 2021, angalikuwa amefunguliwa mwaka 2024. Badala yake, alinipigia simu si zamani kwa namba nisiyoijua. Neno lake la kwanza baada ya salamu lilikuwa, "Wale wa duka la jumla bado wananitafuta?" Nilimweleza juu ya sheria hii. Akanyamaza, kisha akasema anaogopa jina lake kutangazwa. Nikamwambia, "Ndugu yangu, hapa kijijini jina lako lilitangazwa siku dalali alipopiga kengele shambani. Lililobaki sasa ni kulisafisha." Hakujibu.

Duka na shamba si vitu viwili

Kuna kosa moja ambalo nimeliona mara nyingi katika majalada. Mkulima huandikisha jina la duka lake, akapata cheti, akakitundika ukutani, kisha akaamini kwamba deni la duka ni la duka na shamba ni la nyumbani. Sivyo. Cheti cha jina la biashara hakijengi ukuta. Duka ni wewe, na deni la duka ni deni lako, la ng'ombe wako na la shamba lako. Kampuni iliyosajiliwa ni kitu kingine, maana kampuni ni mtu peke yake katika sheria. Lakini hata huko, mkopeshaji mara nyingi atataka wewe mwenyewe utie sahihi ya udhamini, na ukishatia sahihi hiyo ukuta umebomoka.

Kwa hiyo usiiweke hati ya shamba nyuma ya duka bila kufikiri mara saba. Babu zetu walipoingia katika skimu za ekari milioni moja kuanzia mwaka 1962, walipewa ardhi kwa deni la miaka 30, riba 6½ kwa mia. Walipeleka maziwa na mahindi ili kulipa mafungu yale, wengine wakachelewa, wengine wakafa kabla ya kumaliza na watoto wao wakaendelea. Hati inayopatikana kwa miaka 30 yaweza kupotea kwa mkopo wa mwaka mmoja wa kununua chumvi ya ng'ombe.

Sheria imekuwekea vizuizi viwili hapa, navyo si adui zako. Cha kwanza ni bodi ya ardhi: tangu Sheria ya mwaka 1967, shamba la kilimo katika eneo la bodi haliuzwi wala haliwekwi rehani bila idhini yake. Cha pili ni mwenzi wako: chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, rehani ya nyumba ya ndoa haisimami bila kibali chake. Mama, usitie sahihi kwa heshima tu. Uliza deni ni kiasi gani, litalipwa kwa nini, na barua za benki zitafika kwa nani. Shemeji aliniambia kwamba alitia sahihi bila kuuliza hata swali moja kati ya hayo.

Kwa wadhamini

Wengi wetu hudhamini kama tunavyochangia harusi, kwa sababu mtu ametuomba na ni aibu kukataa. Lakini fahamu kwamba mdaiwa akitangazwa muflisi na kufunguliwa, wewe mdhamini hukufunguliwa naye. Deni litakugeukia kama lilivyotugeukia sisi.

Kwa hiyo mdhamini ana haki ya kuuliza. Kila baada ya miezi 3 mwulize uliyemdhamini: umelipa mafungu mangapi? Nionyeshe karatasi. Akikasirika, nenda katika ofisi ya chama ukaulize. Mimi sikuuliza. Nilidhani kuuliza ni kumdharau rafiki. Leo naona kwamba kuuliza kungekuwa kumsaidia, maana angepata mtu wa kumwambia.

Watakaopinga

Najua wengine watasema, "Karani huyu anawafundisha watu kukataa madeni. Dawa ya deni ni kulipa." Nami nakubali kwamba dawa ya deni ni kulipa. Sijasema vingine. Lakini mtu asiye na kitu hawezi kulipa hata akifungwa kamba. Akijificha mjini, mdai hapati hata senti. Akikaa na kutoa taarifa ya kweli, wadai wote hugawana kilichopo, wala si yule wa kwanza mwenye dalali mkali kuchukua kila kitu na wengine kuambulia patupu. Hata mwenye duka la jumla ana faida katika utaratibu huo.

Tena sheria si kichaka cha wezi. Mwenye kuficha mali, au kuandika ng'ombe kwa jina la shemeji yake wiki moja kabla ya kwenda mahakamani, msimamizi aweza kuirudisha mali hiyo, naye mwenyewe aweza kushtakiwa. Jaji naye aweza kulikataa ombi la mtu anayetafuta kukwepa deni analoweza kulilipa. Kufilisika si wizi. Wizi ni kuficha.

La kufanya wiki hii

Ukiwa na biashara inayokulemea, nakuomba ufanye mambo machache, bila kungoja mwezi ujao.

Chukua daftari. Andika kila deni: la nani, kiasi gani, riba gani, lina rehani au mdhamini, na siku ya kulipa. Usiache lile dogo la simu. Watu wengi niliowasaidia kuandika walifika wakisema madeni yao ni manne. Tulipomaliza, yalikuwa saba au nane.

Katika ukurasa wa pili andika mali yako na pesa ambazo watu wanakuwia. Mstari wa mwisho ukionyesha kwamba kila mwezi deni linakua kuliko mapato, funga mlango wa mkopo mpya siku hiyo hiyo. Mkopo wa kulipa mkopo ni kuchota maji kwa pakacha.

Mwonyeshe mwenzi wako daftari hilo kabla ya mtu mwingine ye yote. Kisha uwaone wadhamini wako. Kisha umwendee mdai mkubwa, yule mwenye rehani, ukiwa na daftari mkononi na shauri la namna utakavyolipa. Fungua kila barua siku inapofika, na uandike juu yake tarehe uliyoipokea.

Ukiona mambo yamepita uwezo wako, tafuta wakili kabla hujauza chochote. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili aulize juu ya Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Usimpe pesa mtu wa kibandani anayekuambia kwamba atakufutia madeni kwa siku tatu.

Nanyi viongozi wa vyama vya ushirika na kamati za skimu, nina ombi. Katika siku za wakulima tunafundishwa juu ya mbolea, minyoo na chanjo, na hayo ni mema. Tengeni nusu saa kwa somo la deni. Mleteni mtu wa sheria awaeleze wanachama njia hizi nilizozitaja. Ng'ombe akiugua, jirani hukimbia kumwita daktari wa mifugo wala hakuna anayemcheka mwenye ng'ombe. Duka likiugua, jirani hunong'ona. Mnong'ono ule ndio uliomtorosha rafiki yangu zaidi ya dalali.

Mimi si wakili, wala ofisi yetu haina pesa za kulipa deni la mtu. Lakini nina kalamu, karatasi, na kiti cha pili mbele ya meza yangu. Wewe pia, kwa jirani yako, huna haja ya kuwa na zaidi ya hayo. Akija na droo yake ya barua, mkaribishe aketi, mzifungue pamoja.